Klabu Haipandi Daraja: Dhana Potofu Kuhusu Ligi za Hoki ya Barafu Vyuoni Marekani

Kila mwaka barua za vyuo zinapoanza kuingia majumbani, wazazi wenzetu wazungumzao Kiswahili walioko Ohio, Iowa, Illinois na Missouri huniletea swali ambalo nimelijibu hadi limenichosha. Kijana wao amekulia kwenye barafu tangu shule ya msingi, chuo kimempa nafasi katika timu ya klabu, na kwenye karatasi aliyotumiwa yameandikwa maneno "Division 1". Mzee anapiga hesabu: timu ikitwaa ubingwa wa ligi ya kanda itapanda daraja, ikipanda itaingia NCAA, chama kinachosimamia michezo rasmi ya vyuo Marekani, ikiingia NCAA chuo kitalipa karo yote. Naielewa hesabu hiyo, kwa sababu sote tumelelewa na soka, ambako anayeshinda chini hucheza juu msimu unaofuata. Hata hivyo, katika hoki ya vyuo vya Marekani hesabu hiyo haina ukweli hata chembe, na historia ya ligi zenyewe ndiyo ushahidi.

Hoki hiyo huendeshwa chini ya mamlaka mbili. Upande mmoja zipo timu rasmi, ambazo ni mali ya idara ya michezo ya chuo, huajiri makocha kwa fedha za chuo na hufuata kanuni za NCAA. Upande wa pili zipo timu za klabu, ambazo nyingi zimesajiliwa kama vyama vya wanafunzi, hujitafutia fedha zenyewe na hucheza chini ya ACHA, chama cha hoki ya klabu za vyuo kilichoundwa Chicago mwezi Aprili 1991 na viongozi wa timu ambazo tayari zilikuwa zikicheza. ACHA ina madaraja yake matatu ya wanaume, na la kwanza linaitwa Division 1 sawasawa na lile la NCAA. Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Hakuna mchezo wa mchujo, hakuna jedwali la pointi, wala hakuna kikao cha mwisho wa msimu kinachoihamisha timu kutoka mamlaka moja kwenda nyingine. Klabu huwa timu rasmi siku wakuu wa chuo wanapoamua kuigharimia, basi.

Tuitazame ligi ya majimbo ya kati, Central States Collegiate Hockey League, maarufu kama CSCHL, ambamo klabu za vyuo vya Illinois, Ohio, Iowa State, Lindenwood na Robert Morris ya Illinois zimewahi kukutana. Kama ubingwa ungekuwa unapandisha timu, Illinois ingekuwa imepanda zamani. Mwaka 2005 walitwaa ubingwa wa taifa wa ACHA, kisha msimu wa 2007–08 wakautwaa tena wakiwa wameshinda michezo yote 38. Msimu uliofuata walikuwa ligi ile ile, kwenye barafu ile ile ya Champaign, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1931. Barafu hiyo ni pana kuliko ya kawaida, na upana huo ni silaha: beki mgeni aliyezoea kumbana winga kwenye ubao wa pembeni anaufuata ubao na kukuta bado uko mbali, na anapogeuka mwenyeji ameshampita na kisahani kinachochezewa badala ya mpira kimeshafika mbele ya goli.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Illinois iliwahi kuwa na timu rasmi kabla ya klabu hiyo. Ilicheza tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1943, na kocha wake wa mwisho, Vic Heyliger, alihamia Michigan ambako alitwaa mataji sita ya NCAA, la kwanza likiwa la mwaka 1948, mashindano hayo yalipofanyika kwa mara ya kwanza. Timu aliyoiacha haikushushwa na matokeo mabaya. Ilifutwa wakati wa vita. Miongo mingi baadaye, mwaka 2017, chuo hicho kilifanyiwa upembuzi yakinifu kuhusu kurudisha timu rasmi, uliogharimiwa na ligi ya kulipwa ya NHL pamoja na chama cha wachezaji wake. Yakafuata mazungumzo ya uwanja mpya katikati ya mji, ramani, na matumaini ya mashabiki. Mwaka 2021 mkurugenzi wa michezo akatangaza kwamba mpango umeachwa. Katika miaka yote hiyo, hakuna aliyeuliza klabu imeshika nafasi ya ngapi kwenye msimamo.

Ohio ni mfano mwingine, na ndio ninaoupenda zaidi kwa sababu huwanyamazisha wabishi. Chuo hicho cha mjini Athens kilikuwa miongoni mwa vyuo vinne vilivyoanzisha CCHA mwaka 1971, ligi ya timu rasmi, pamoja na Bowling Green, Ohio State na Saint Louis. Mwaka 1973 kiliifuta timu yake rasmi, na wanafunzi wakaendelea kama klabu katika uwanja ule ule wa Bird Arena. Klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa taifa wa ACHA mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997, na mara ya nne mwaka 2004. Mataji manne hayakuwarudisha kwenye ligi waliyoshiriki kuiasisi.

Mbishi hodari huniambia, "Mbona Penn State walipanda?" Ni kweli kwamba klabu ya Penn State ilikuwa na mataji saba, manne kati yake mfululizo kuanzia 2000 hadi 2003. Lakini hakuna kilichobadilika mwaka 2003. Kilichobadilisha mambo ni Septemba 2010, Terry Pegula, mhitimu wa chuo hicho aliyetajirika kwa gesi, alipotoa dola milioni 88 kwa ajili ya uwanja na timu mbili, ya wanaume na ya wanawake. Timu rasmi zilianza kucheza 2012, na uwanja wenye jina lake ukafunguliwa 2013. Arizona State nao walitwaa ubingwa wa ACHA mwaka 2014 kwa kuifunga Robert Morris ya Illinois katika fainali, na mwezi Novemba mwaka huo huo ikatangazwa kwamba wataingia NCAA; anayesoma tarehe hizo harakaharaka huona sababu na matokeo. Asichokisoma ni kwamba tangazo lile liliambatana na ahadi za wafadhili za dola milioni 32. Robert Morris yenyewe, iliyofika fainali ile ile, haikuelekea NCAA: mwaka 2020 chuo kizima kiliunganishwa na Roosevelt University na jina likafutika. Lindenwood ya Missouri, wenye mataji ya 2009, 2010, 2016 na 2022, waliingia NCAA katika msimu wa 2022–23, na hapo tena wazazi hunionyesha taji la 2022 kama hati ya ushahidi. Ukweli ni kwamba chuo chote, pamoja na michezo yake mingine, kilikuwa kinahamia daraja la kwanza la NCAA mwaka huo, na hoki ikaingia katika msafara huo.

Mtu akitaka kuona jinsi fedha zinavyoziandika upya ligi za kanda, na afuatilie athari za mchango wa Pegula. Kanda ya Big Ten ilikuwa na vyuo vitano tu vyenye hoki rasmi ya wanaume, yaani Michigan, Michigan State, Minnesota, Ohio State na Wisconsin, na ilihitaji sita ili iweze kuanzisha ligi yake. Penn State wakawa wa sita. Big Ten ikaanza hoki msimu wa 2013–14, ikizichomoa Michigan, Michigan State na Ohio State kutoka CCHA, na Minnesota na Wisconsin kutoka WCHA, ligi nyingine ya timu rasmi; vyuo vingine kadhaa vikaunda ligi mpya ya NCHC, na CCHA ile iliyoasisiwa 1971 ikafungwa, hadi ilipofufuliwa 2021. Hundi ya mtu mmoja ilizihamisha timu nyingi kuliko mabingwa wote wa CSCHL tangu ligi hiyo ianze.

Ugumu wenyewe ni wa gharama. Kwa miaka mingi NCAA iliruhusu hadi ufadhili kamili 18 kwa timu moja ya hoki ya wanaume ya daraja la kwanza, na juu yake kuna mishahara ya makocha, madaktari, safari na uwanja unaokubalika. Kisha ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 ijulikanayo kama Title IX, inayokitaka chuo kutoa nafasi za michezo kwa haki baina ya wanawake na wanaume. Ndiyo maana chuo kinachoongeza kikosi kikubwa cha wanaume hulazimika kufikiria pia timu ya wanawake. Uamuzi wa ukubwa huo hufanywa na bodi yenye wahasibu na wanasheria. Golikipa wa klabu, hata awe hodari namna gani, hakai kwenye bodi hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi ni mmoja, nami huurudia bila aibu: usianze na ratiba ya michezo, anza na ukurasa wa ada. Barua ya klabu ya kawaida ina jedwali dogo ambalo wengi hulipita, lenye muda wa barafu, basi, hoteli, jezi, waamuzi na tarehe za awamu za malipo, na chini kabisa jina la mweka hazina, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Jedwali hilo linakueleza uko upande gani wa hoki ya vyuo. Kisha muulize kocha swali moja tu: mshahara wako unatoka ofisi gani? Akijibu kwamba unatoka idara ya michezo, mna mazungumzo ya aina moja; akijibu kwamba unatoka kwenye ada za wachezaji, au kwamba anajitolea, mna mazungumzo ya aina nyingine kabisa. Vipo vyuo vidogo vya binafsi vinavyoendesha timu ya ACHA kupitia idara ya michezo na kutoa nafuu ya karo kwa wachezaji, na nafuu hiyo ni halali. Idai kwa maandishi, kwa jina la mwanafunzi na kwa kila mwaka wa masomo. Ahadi ya mdomo ya kocha haimfungi mhasibu wa chuo.

Dhana nyingine nazitaja kwa ufupi, kwa kuwa hazinisumbui kiasi hicho.

Wapo wanaosema kwamba klabu ni mchezo wa kujifurahisha wa watu waliokosa uwezo. Aliyewahi kuitazama Iowa State hawezi kusema hivyo. Klabu yao ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, ikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1992, na kocha wao wa miongo mingi, Al Murdoch, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa ACHA, alistaafu mwaka 2012 akiwa na ushindi zaidi ya 1,000. Kombe la daraja la kwanza la wanaume la ACHA limepewa jina lake.

Wapo wanaoamini kwamba hoki ya klabu ilizaliwa 1991 pamoja na ACHA. Mchezo unaotambuliwa kuwa wa kwanza baina ya vyuo vya Marekani, Yale dhidi ya Johns Hopkins, ulichezwa Baltimore mwezi Februari 1896 na kumalizika kwa sare ya 2–2, na NCAA yenyewe haikuwepo hadi muongo uliofuata. Wakati huo timu zote ziliendeshwa na wanafunzi, kwa hiyo klabu ndiyo kongwe na timu rasmi ndiyo iliyokuja baadaye.

Kuhusu imani kwamba mchezo huu ni wa nchi za baridi pekee, inatosha kusema kwamba klabu ya University of Arizona imejaza watu ukumbini Tucson, jangwani, tangu ilipoanza mwaka 1979. Isitoshe, Nairobi yenyewe ina Ice Lions, waliojifunzia kwenye kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari katika Barabara ya Mombasa, na Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu mwaka 2024.

Dhana ya mwisho inastahili maelezo kidogo zaidi kwa sababu kanuni zimebadilika karibuni. Wazazi wengi hudhani mchezaji aliyeko ACHA alishindwa majaribio ya NCAA. Kwa muda mrefu NCAA iliwazuia vijana waliocheza katika ligi kuu tatu za vijana za Kanada, zilizo chini ya CHL, ikiwahesabu kuwa wa kulipwa, wakati ACHA haikuwa na kizuizi hicho. Hivyo alikuwepo kijana wa CSCHL aliyezuiwa na kanuni wala si na kipaji. Novemba 2024 NCAA iliamua kuondoa kizuizi hicho kuanzia Agosti 2025. Nafasi za timu rasmi sasa zinagombewa na vijana wengi zaidi, wakiwemo wakubwa na wazoefu, na baadhi ya wale ambao zamani wangezipata wanaelekea kwenye klabu. Kijana wako akipewa nafasi ACHA mwaka huu, tarajia kwamba atashindana na wachezaji wazuri kuliko waliokuwepo miaka mitano iliyopita, tarajia sharti la kuwa mwanafunzi wa muda wote mwenye wastani wa alama usiopungua 2.0, na tarajia awamu ya kwanza ya ada kudaiwa kabla barafu ya msimu haijawekwa.