"Anajitolea tu": maana ya mjumbe wa bodi wa kujitolea

Mwezi Januari nilihudhuria kikao cha bodi ya shirika dogo la mipango ya jamii hapa Dodoma, ambapo wajumbe watano kati ya tisa hawakufika na akidi haikutimia. Aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliuliza aandike nini kuhusu wasiohudhuria, na mzee mmoja ninayemheshimu sana akamjibu kwa upole, "Usiwaandike vibaya, mwanangu. Hao wanajitolea tu." Hakuna aliyepinga. Tulikunywa chai iliyokwisha andaliwa, tukaahirisha kikao hadi Jumamosi nyingine, tukatawanyika. Neno hilo "tu" nimelisikia mara nyingi mno, katika vikao vya mashirika, vya kamati za shule na vya vikundi vya maji, na nimeona afadhali nieleze maana ya jambo lenyewe kabla halijazoeleka zaidi ya hapo.

Mjumbe wa bodi wa kujitolea ni mtu aliyekubali kwa hiari yake, na bila kulipwa mshahara, kuwa mmoja wa watu wanaolisimamia shirika: kupitisha mpango na bajeti, kumwajiri mtendaji mkuu na kumpima, kuangalia fedha zimetumikaje, na kujibu kwa niaba ya shirika pale mambo yanapokwenda kombo. Shirika la mipango ya jamii, kwa upande wake, ni lile linalokusanya habari za mahitaji ya watu wa mtaa au kijiji, likawakutanisha wenye mahitaji hayo na wenye uamuzi, kisha likafuatilia kama kilichopangwa kimefanyika. Hiyo ndiyo maana yote, na ingekuwa rahisi kama lisingekuwapo hilo neno la mwisho, "kujitolea".

Watu wengi leo wakisikia "kujitolea" wanasikia "bila malipo", na kinyume chake wanakiona kuwa ni "kuajiriwa". Sababu inaeleweka. Kwa miaka mingi sasa kijana aliyehitimu chuo akakosa ajira huambiwa aende akajitolee katika shule, zahanati au ofisi fulani ili apate uzoefu, hata neno likawa jina la mahali pa kusubiria kazi. Mwalimu wa kujitolea, katika matumizi hayo, ni mwalimu ambaye bado hajaajiriwa. Simlaumu kijana huyo wala anayemwita hivyo. Lakini maana hiyo ni changa, na ikipelekwa kwenye bodi inapotosha, kwa sababu mjumbe wa bodi hasubiri kuajiriwa na shirika analolisimamia, na siku atakayoomba ajira humo itampasa kwanza aondoke kwenye kiti chake.

Maana ya zamani imehifadhiwa vizuri na Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963 na ambalo makao makuu yake sasa yako wilayani Chamwino. JKT huwa na vijana wa aina mbili, wa mujibu wa sheria na wa kujitolea, na kila mwenye ndugu aliyepitia huko anazijua aina hizo. Hapo kinyume cha kujitolea ni kutakiwa na sheria. Suala la malipo halimo kabisa katika kuwatenganisha. Aina zote mbili huamka alfajiri ile ile na hukimbia mchakamchaka ule ule, na sidhani kama yupo afande wa kambi ya Makutupora atakayemsamehe kijana aliyelala lindoni kwa hoja kwamba huyo anajitolea tu. Neno linaeleza alivyoingia getini. Uzito wa anachokikuta ndani haulihusu.

Sarufi nayo inasema hivyo hivyo kwa anayeisikiliza. Mzizi ni "toa". Tukikiongezea kitenzi hiki kiambishi cha kutendea tunapata "tolea", na ile "l" inayojitokeza hapo si ngeni, kwa maana ndiyo inayorudi pia katika "kaa" na "kalia", au "zaa" na "zalia"; Kiswahili kiliidondosha kati ya irabu mbili, ilhali ndugu zake wengi wa Kibantu wanaitamka bado katika maumbo kama "-kala" na "-zala". Kutolea ni kutoa kwa ajili ya kitu au mtu fulani. Tukitia "ji" ya kujirejea, kinachotolewa kinakuwa ni mtoaji mwenyewe. Kwa hiyo "kujitolea" ni kitenzi kinachodai kujua unajitoa kwa ajili ya nini, na mtu anayesema "najitolea" akanyamaza hapo hajamaliza sentensi, hata kama sisi tumeshazoea kumalizia kwa kuitikia kichwa.

Ondoa silabi hiyo moja, "le", na unapata "kujitoa", ambalo kwa kawaida ya vikao vyetu ni kuacha uanachama. Najua kanisani husemwa "kujitoa kwa Mungu", na kwamba yupo aliyejitoa mhanga. Hayo ni matumizi sahihi na ya heshima. Lakini kwenye kumbukumbu za bodi, aliyejitoa ni aliyeondoka. Niliwahi kusoma muhtasari wa shirika moja uliochapwa kwa haraka, ambamo wajumbe wote walitajwa kuwa ni "wajumbe wa kujitoa", na nilipoyatazama mahudhurio ya mwaka mzima niliona kwamba mchapaji alikuwa amekosea tahajia lakini hakukosea habari.

Neno "mjumbe" nalo lina mchango wake katika kosa hili. Mjumbe ni mtu aliyetumwa, na alichotumwa ni ujumbe. Ndiyo maana tunasema mjumbe hauawi, kwa kuwa maneno aliyoyaleta si yake. Huku mitaani, tangu miaka ya 1960 tulipopangwa kwa nyumba kumi kumi, mjumbe amekuwa pia yule jirani anayeleta habari za chama na serikali na kupeleka za kwetu. Basi mtu akiteuliwa kuingia bodi kutoka kwenye kundi fulani, tuseme wazee wa mtaa, au akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, au waumini wa dini moja, hudhani kazi yake ni kupeleka neno la waliomtuma na kurudisha jibu, na ikiwa siku hiyo waliomtuma hawana neno, haoni kwa nini aende. Katika bodi mambo ni tofauti. Akishaketi, analisimamia shirika lote, na kura aliyoipiga ni yake, wala hawezi kuikimbilia methali ile hesabu zitakapokaguliwa. Ndiyo maana wapo wanaopendelea kusema "mkurugenzi wa bodi", jambo ambalo kwa Dodoma lina shida yake, maana hapa ukitaja mkurugenzi watu wanamfikiria Mkurugenzi wa Jiji na kuuliza una shida gani ya kiwanja.

"Bodi" yenyewe tumeichukua kwa Waingereza, ambao kwao ilikuwa kwanza ubao, kisha meza, kisha watu wanaoizunguka meza. (Bodi la lori ni neno jingine kabisa, ingawa nalo limetoka huko huko.) Sisi tulikuwa tumeshapita njia hiyo bila msaada wa mtu, kwa kuwa "baraza" ni pale nje ya nyumba watu wanapoketi, na ni hao hao walioketi wakizungumza mambo yao. Nataja hili kwa sababu lina maana ya kiutendaji: mamlaka ya bodi yapo wakati watu wamekaa pamoja. Mjumbe mmoja akiwa peke yake sokoni Majengo au shambani kwake Hombolo hawezi kuliagiza shirika jambo lolote, hawezi kumtuma mhasibu wala kumkaripia dereva, na yule anayekuja ofisini kila siku kuwapa wafanyakazi maelekezo amekosea kama yule asiyekuja kabisa. Huyo anayekuja kila siku ndiye anayechanganywa na mfanyakazi wa kujitolea, yaani mtu anayegawa dodoso, anayepanga viti au anayechapa ripoti bila malipo. Mtu huyohuyo anaweza kuzifanya kazi zote mbili, lakini anapogawa dodoso yuko chini ya mtendaji, na anapoketi kwenye bodi mtendaji yuko chini ya bodi, na ni vyema ajue saa hiyo amevaa kofia ipi.

Kuhusu posho sitasema mengi, ingawa ndiyo inayozungumzwa zaidi. Posho asili yake ni chakula cha siku, kile kipimo cha unga alichopewa mpagazi au kibarua ili aweze kuifikisha jioni. Anayerudishiwa nauli yake ya kutoka Kongwa na kupewa chakula cha mchana hajaacha kujitolea, na asiyepewa kitu hajawa mtakatifu kuliko mwenzake.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, inaliita shirika la namna hii kundi la hiari, na neno hilo "hiari" nalipenda kwa sababu limekaa mahali pake: hiari iko kwenye kujiunga. Baada ya hapo sheria hiyo inataka taarifa ya shughuli ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti cha usajili kina umri wa miaka kumi ambao shirika linapaswa kuuhuisha. Msajili akiuliza hesabu ziko wapi, haitamsaidia mtu kueleza kwamba waliopaswa kuzipitisha hawakuwa na mshahara.

Turudi kwenye kikao chetu cha Januari, kwa sababu kwa shirika la mipango mwezi huo una uzito ambao katika shirika la namna nyingine huenda usingekuwa nao. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Ili hitaji la mtaa liwe fungu katika bajeti hiyo, linapaswa liwe limeibuliwa na wananchi wenyewe kwa ule utaratibu tunaouita Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, likapita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, likafika Baraza la Madiwani, na yote hayo yawe yamekwisha kabla Bunge halijaanza kujadili bajeti hapa hapa mjini mwezi Aprili. Bahati mbaya ni kwamba miezi hiyo ndiyo miezi ya mvua zetu, ambazo katika nyanda hizi kame huja msimu mmoja tu kwa mwaka, na mjumbe mwenye shamba la mtama au alizeti huko Bahi hawezi kuiambia mvua isubiri kikao. Hilo nalielewa, na nadhani mzee wetu alikuwa anawatetea watu wa namna hiyo. Lakini ripoti ya mahitaji ya wazee na watu wenye ulemavu katika mitaa mitatu, ambayo bodi ilitakiwa kuipitisha siku ile, ilibaki kwenye bahasha, na Jumamosi ya pili ilipofika kata ilikuwa imeshafunga mapendekezo yake.

Mwenye shamba angeweza kuomba udhuru mapema, au bodi ingeweza kupanga mwanzoni mwa mwaka kwamba kikao kizito kiwe Novemba kabla ya mvua, au katiba ya shirika ingeruhusu mjumbe kushiriki kwa simu. Njia zote hizo zinawezekana kwa watu wasiolipwa, na zipo bodi zinazozifuata.

Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa mzee wangu, ningeomba kijana wetu wa kumbukumbu aandike "hakuhudhuria, ametoa udhuru" kwa aliyetoa udhuru, na "hakuhudhuria" kwa asiyetoa, bila kuongeza neno. Na mtu akitaka kumsifu mjumbe kwa kuwa hapokei mshahara, aseme "anajitolea", kisha aeleze kwa ajili ya nini, na ile "tu" aiache.