Damu Chafu Haionekani kwa Hadubini

Mtu akiingia maabarani akatoa simu kabla ya kunipa cheti cha daktari, huwa nimeshajua. Ni picha ya skrini, na kwenye skrini ni damu yake: viduara vimeshikana minyororo, vidoa vyeusi, vijiti viwili vitatu. Amepimwa kwenye hema la "uchunguzi wa afya" hapa Malindi, akachomwa kidole, akaonyeshwa tone lake likiwa bichi, akaambiwa damu imechafuka, ina sumu na fangasi. Kisha akauziwa chupa za virutubisho kwa bei ambayo sitaki hata kuitaja. Sasa anataka nimthibitishie.

Jamani, tusikizane. Ile minyororo ni seli nyekundu zilizolaliana kama sarafu kwa sababu tone ni zito. Ndiyo maana sisi huivuta damu juu ya kioo, tukasoma kule mwishoni, mahali seli zimetawanyika moja moja. Niletee kijana anayecheza mpira kila jioni, mzima wa afya, nami nitakutolea minyororo hiyo hiyo kwenye damu yake. Nikikiacha kioo kwenye joto letu hili, maji yatapungua pembezoni, chumvi itazidi, na seli zitasinyaa ziote miiba. Miiba hiyo ndiyo wanayoiita "sumu". Vidoa mara nyingi ni vumbi, au ni chembe za kugandisha damu, ambazo ukizikosa ndipo utakapokuwa na shida kweli. Na yule aliyeambiwa "sukari inaonekana imeganda kwenye damu", aelewe kwamba sukari imeyeyuka humo. Hakuna hadubini ya kliniki itakayokuonyesha. Hupimwa kwa kemikali.

Sisemi tone bichi halina maana. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikiona kimelea cha malaria mwaka 1880 kule Constantine, Algeria, katika damu isiyotiwa rangi yoyote. Lakini alikuwa ameshatazama damu za wagonjwa kwa muda mrefu, na hakuwa na chupa ya kuuza. Pia yapo maradhi yanayozidisha protini katika damu hata seli zikapangana minyororo kule mwishoni mwa kioo, mahali damu ni pembamba. Hayo yana vipimo vyake, na havifanywi hemani kwa dakika mbili.

Imani yenyewe ni ya kale kuliko skrini. Wazee waliumikwa kwa pembe, na damu iliyobaki ndani ya chuku, nyeusi, mabonge mabonge, ikawa ndiyo ushahidi kwamba uchafu umetoka. Ile ni damu ya kawaida. Ikipungukiwa na oksijeni huwa nyeusi, na ikitoka mwilini huganda, hata iwe ya mtoto mchanga. Sina ugomvi na anayefanya hijama. Ugomvi wangu ni kusoma maradhi kwenye kikombe. Na wembe uwe mpya, mtu mmoja wembe mmoja, kwa sababu homa ya ini B haijui nia yako.

Madai mengine ninayoletewa maabarani nitayapitia upesi.

"Kimelea cha malaria ni cha zambarau." Hapana, hiyo ni rangi ya Giemsa, tunaitia sisi. Hata seli nyekundu ukiitazama moja peke yake bila rangi ni ya manjano hafifu tu.

"Nionyeshe virusi kwa hadubini yako." Siwezi. Hadubini ya mwanga haitofautishi vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni), na kirusi cha korona kina kama 100. Kinahitaji hadubini ya elektroni, ambayo wahandisi Ernst Ruska na Max Knoll waliianzisha Berlin mwaka 1931, nayo picha zake ni za kijivu. Rangi hutiwa baadaye. Lile tufe la kijivu lenye miiba myekundu mlilotumiana mwaka 2020 si picha kabisa. Ni mchoro wa Alissa Eckert na Dan Higgins wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani.

"Busha huletwa na madafu." Kunyweni madafu yenu. Busha la Pwani mara nyingi huletwa na minyoo ya matende, na daktari Patrick Manson alishaonyesha huko Amoy, China, mwaka 1877, kwamba minyoo hiyo hukua ndani ya mbu. Watoto wake hujitokeza kwenye damu ya kidole usiku, kati ya saa nne na saa nane, wakati mbu anauma. Ukija saa tatu asubuhi nikakosa kitu kwenye kioo, usiende kutangaza mtaani kwamba huna. Kuna kipimo cha haraka kinachofanya kazi hata mchana, kiulizie.

"Maabara imekosea, mimi malaria naijua mwilini." Kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, hupitia sehemu 100 za tone zito lililotiwa rangi, si bichi kama lile la hemani, kwa lenzi ya mafuta. Homa ina sababu nyingi. Hata hivyo, ukimeza dawa nyumbani kwanza, vimelea hupungua nami naweza kuvikosa. Kwa hiyo nitakuuliza umemeza nini na lini. "Sijameza kitu", na huku pakiti imechungulia mfukoni mwa shati, haimsaidii mtu.