Gunia lako limezaliwa wapi? Cheti rahisi cha uasili pale Namanga

Wiki iliyopita mama mmoja wa maharage alinifuata nje ya kituo cha forodha cha Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, jasho linamtoka, mkononi ameshika karatasi. Nikamwuliza, "Shikamoo mama, hiyo umeitoa wapi?" Akasema, "Marahaba mwanangu, nimeuziwa na kijana pale stendi, kaniambia bila hii sivuki." Nilipoikunjua nikakuta ni fomu ya cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, ileile ambayo forodha huitoa bure. Kijana hakuwa ameijaza hata mstari mmoja.

Mimi ni wakala wa forodha na wateja wangu ni wenye malori. Mama huyu hakuwa na haja ya kunilipa mimi wala kishoka yeyote, na wenye mizigo midogo kama yake ni wengi sana mpakani. Wengi huishia kwenye njia za panya, usiku, mzigo juu ya pikipiki, wakikwepa ushuru ambao kisheria hawadaiwi. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika.

Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 2005. Kiini chake ni kwamba bidhaa iliyotoka ndani ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hailipi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi nyingine mwanachama. Lakini lazima uthibitishe kwamba imetoka humo. Kwa mzigo mkubwa kuna cheti kamili chenye nyaraka zake, na kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, huandaliwa na wakala. Kwa mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, kipo hiki cheti rahisi: unakijaza mwenyewe, afisa wa forodha wa upande unakotoka anakikagua na kukigonga muhuri, kisha unakionyesha kwa wenzake wa upande unakoingia. Ipo pia orodha ya bidhaa zinazokubalika, na sehemu kubwa yake ni mazao ya shambani, mifugo na kazi za mikono. Omba kuiona kabla hujapakia.

Dola 2,000 ni kiasi gani? Tuchukulie gunia la maharage ni shilingi 250,000 na dola moja ni shilingi 2,500. Magunia 20 yanakufikisha shilingi milioni 5, yaani dola 2,000 kamili. La 21 limeshakutoa kwenye utaratibu huu. Kiwango cha kubadilisha fedha ni kile kinachotumiwa na forodha, si cha kijana wa kubadilisha hela njiani, kwa hiyo ukiwa karibu na mstari, uliza kwanza. Na beba risiti ya ulikonunulia. Usipokuwa na karatasi ya bei, afisa atakadiria mwenyewe, na makadirio yake si lazima yakupendeze.

Hapa watu huniuliza kuhusu kuchangia Fuso. Kuchangia gari si kosa. Wanawake watano wanaweza kukodi Fuso moja, kila mmoja na magunia yake, cheti chake na risiti zake, wakavuka vizuri kabisa. Kosa ni tajiri mmoja kugawa magunia yake 100 kwa majina ya watu watano ili kila fungu lisizidi kiwango. Maafisa wanaijua mbinu hiyo kuliko tunavyodhani: magunia yameshonwa kwa uzi mmoja, risiti zina mwandiko mmoja, na "wenye mali" hawajui hata bei ya walichonunua. Ukikamatwa hivyo, hata mwenzako mkweli aliyepanda gari hilo atacheleweshwa. Tafadhali msikubali kuazimisha majina yenu.

Swali gumu zaidi ni asili yenyewe. Afisa hajali umenunua wapi. Anataka kujua bidhaa imezaliwa wapi. Mahindi yaliyovunwa Babati au mbuzi aliyezaliwa na kukuzwa Longido ni rahisi, maana kila kitu chao ni cha humu. Mchele ndio unaosumbua. Mchele wa kutoka nje ya jumuiya umewekewa ushuru wa pamoja wa asilimia 75, ingawa nchi moja moja huomba kutoza chini ya hapo kwa mwaka husika. Ushuru ukiwa mzito namna hiyo, wapo wanaochukua mchele wa Pakistan, wakaubadilisha viroba na kuuita wa Kahama. Ndiyo maana mchele wako halali unapekuliwa kuliko maharage ya jirani yako. Usione unaonewa. Njoo na risiti ya mashine ya kukobolea na barua ya mtendaji wa kijiji ulikonunua. Nimeona karatasi hizo mbili zikimaliza kwa dakika 10 ubishi ambao ungekula siku nzima.

Cheti hiki kinaondoa ushuru wa forodha tu. Hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani pale inapotozwa, na hakichukui nafasi ya vibali vya afya. Mazao yanahitaji cheti cha afya ya mimea, na kwa upande wa Tanzania hicho kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mahindi hupimwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, na kiwango cha juu cha Afrika Mashariki kwa jumla ya sumu hiyo ni sehemu 10 kwa bilioni. Wengi tunaukumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalipanga foleni hapa. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba iko ndani ya kiwango. Cheti cha uasili kisingemwokoa mtu yeyote siku zile. Kausha mahindi yako, uyapime, ndipo ukodi gari.

Jambo dogo linalopoteza muda wa wengi: Namanga ni kituo cha huduma kwa pamoja. Unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Ukitoka Tanzania kwenda Kenya, maafisa wa Tanzania wa kukugongea kutoka wanakaa kwenye jengo la upande wa Kenya, jirani na wenzao. Kila siku naona watu wakizunguka jengo la Tanzania wakitafuta dirisha ambalo haliko pale.

Wenye makampuni yanayovusha kila wiki wana njia nyingine, ya kuidhinishwa na forodha kama wafanyabiashara waaminifu. Wanachunguzwa kumbukumbu zao za kodi, hesabu, uwezo wa kifedha na usalama wa maghala, na wakipita wanakaguliwa mara chache na kuhudumiwa mapema. Hilo nitaliandikia siku yake.

Mama wa maharage tulijaza fomu yake pamoja: jina, bidhaa, uzito, thamani, sahihi. Alikuwa na magunia 12 na risiti zake zote zilikuwa kwenye kibeti. Alivuka kabla ya saa sita mchana. Aliporudi kesho yake alikuwa na katoni mbili za sabuni zilizotengenezwa Kenya na chupa sita za chai alizonunua Nairobi. Sabuni zilipita kwa cheti rahisi cha namna ileile, safari hii kimegongwa na maafisa wa Kenya. Chupa zilikuwa na maandishi ya China kwenye kitako. Alizilipia ushuru, akachukua stakabadhi yake, akaikunja pamoja na zile risiti za maharage.