Je, Wajua kwa Nini Kiti cha Mtumba Hukataa Rangi?

Umepata kiti kikuukuu cha mbao. Miguu bado imara, mgongo umechongwa nakshi. Unanunua kopo la rangi, unakipaka, kinapendeza kweli. Baada ya wiki mbili ukucha unagusa ukingo wa kiti na rangi inabanduka kama ganda la yai. Chini yake mbao ni safi, kana kwamba haijawahi kuona brashi.

Wengi huilaumu rangi, lakini mara nyingi rangi haina kosa: haikuwahi kuifikia mbao.

Kiti kilichokaa nyumbani kwa watu miaka mingi kimebeba mengi juu yake. Kuna vanishi ya fundi wa kwanza, nta, mafuta ya viganja, moshi wa jikoni, na dawa za kung'arishia samani, ambazo nyingi zina silikoni, kemikali yenye utelezi. Dondosha tone la maji pale mikono inapoegemea. Likitandaa na kuacha doa la giza, mbao iko wazi. Likijikusanya kama ushanga, kuna kitu kinalizuia, na rangi nayo itazuiwa vivyo hivyo. Silikoni ndiyo sumbufu kuliko vyote: rangi huikimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki.

Rangi hushika kwa kupenya kwenye mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, kisha ikakaukia humo. Vanishi nzima ni laini kama kioo, haina pa kushikia. Ndiyo maana tunapiga msasa. Si lazima uing'oe vanishi yote. Inatosha kuufubaza mng'ao wake, kwa msasa namba 120, kisha 220. Ila osha kwanza kwa maji ya sabuni, suuza, acha kikauke, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa, unayasukumia mafuta ndani ya ile mikwaruzo uliyoitengeneza. Mimi naona hatua hii ya kuosha ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kabla ya msasa wenyewe, simama kidogo kama kiti kina rangi ya zamani sana. Zamani rangi nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka na zidumu. Marekani iliipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978. Nchi nyingine zilichelewa zaidi. Vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Ukiwa na shaka, usikipige msasa mkavu. Kipimwe, au tafuta kiti kingine. Hakuna kiti kizuri kiasi cha kuhatarisha mtoto.

Sasa umepaka rangi nyeupe, imeshika vizuri, lakini madoa ya kahawia yanachomoza. Unarudia mkono wa pili, wa tatu, nayo yanarudi. Hiyo ni tanini, kemikali ileile inayoipa chai ya rangi ule ukakasi. Mbao kama mwaloni na mahogani zina tanini nyingi, na rangi ya maji huiyeyusha na kuivuta juu kadiri inavyokauka. Kuongeza rangi hiyohiyo ni kuongeza maji yanayoiyeyusha. Dawa yake ni kutanguliza praima, yaani mkono wa msingi unaopakwa kabla ya rangi, ya shelaki. Shelaki ni utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti huko India na Thailand, nayo huyeyushwa kwa spiriti badala ya maji, hivyo tanini hubaki ilipo.

Halafu subira. Rangi ya maji hukauka juujuu kwa saa moja au mbili, lakini chembe zake huendelea kuungana na kukomaa hata wiki tatu au nne. Niliwahi kuweka chungu cha maua juu ya kabati siku ya pili tu baada ya kulipaka. Nilipokiinua kiliondoka na duara zima la rangi, na nilipokwangua pembeni yake bado ilikuwa laini kama ufizi.

Siku hizo za kungoja ndizo nzuri za kushughulikia kikalio. Fungua skrubu zake kwa bisibisi, kigeuze, tandika kitambaa kipya. Usianzie kwenye pembe, maana pembe huvuta kitambaa na maua yake yakaenda upogo. Piga pini moja katikati ya kila upande, kaza kwa kiganja, kisha songa kidogo kidogo kuelekea pembe, ukikigeuza kila mara kuhakikisha mistari imenyooka. Pembe zikunje mwisho kabisa, na kitambaa kinachozidi kikate baada ya pini ya mwisho.