Kufungua blogu ukiwa Mtwara au Lindi: yasemwayo na yalivyo

Blogu nyingi za binafsi hazifi kwa kukosa wasomaji. Hufa mapema, zikiwa na makala tatu nne, kwa sababu mwenyewe alianza na yale aliyoyasikia: atafute kwanza laptopu, jina kali na rangi za kuvutia. Kuandika kukaachwa kuwe kazi ya mwisho. Haya ndiyo yanayosikika zaidi huku Kusini, na majibu yake.

"Mpaka uwe na laptopu na mtaji"

Simu yenye kivinjari inatosha. Blogger ipo tangu 1999 na imo mikononi mwa Google tangu 2003. Ukiwa na akaunti ya Gmail, blogu inafunguka kwa dakika kumi na hulipi kitu. WordPress.com nayo ina nafasi ya bure, ila huko kampuni inaweka matangazo yake kwenye kurasa zako. Kwa anayeanza, yoyote kati ya hizo mbili inafaa. Ukitaka anwani yako mwenyewe, Tanzania ina kundi la majina yanayoishia na me.tz, lililotengwa kwa ajili ya watu binafsi. Linasajiliwa kupitia mawakala waliosajiliwa na hulipiwa kila mwaka. Usilinunue siku ya kwanza. Andika makala kumi kwanza, maana jina usipolilipia mwaka unaofuata linapotea, na viungo vyote ulivyogawa vinakufa nalo.

Gharama ya kweli ni bando, na bando linaliwa na picha. Picha ya simu ya kawaida ina upana wa pikseli 4000 hivi na uzito wa MB 3 hadi 5. Ukiweka sita kama zilivyo, ukurasa mmoja unaweza kufika MB 24. Msomaji wa Kitangari au Liwale mwenye bando la siku atauacha kabla picha ya pili haijafunguka. Zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1200, na kila moja itashuka hadi KB 150 au 200. Sita kwa pamoja hazizidi MB 1.2. Kama huna programu ya kupunguzia, jitumie picha mwenyewe kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida (si kama faili, wala si kwa HD), kisha ihifadhi upya na uitumie hiyo. Njia hii ina faida nyingine, tutaifikia.

Andika kwenye daftari la simu, si moja kwa moja ndani ya blogu. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima, siku chache tu baada ya kimbunga Hidaya kupita na mvua kuikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa. Aliyekuwa na rasimu ndani ya simu aliendelea kuandika.

"Huku kwetu hakuna cha kuandika"

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, na haina ukweli hata kidogo. Mtu anaishi Newala, anafungua blogu, halafu makala yake ya kwanza ni "Mbinu kumi za mafanikio maishani". Makala ya namna hiyo zimejaa kila mahali, na hakuna msomaji atakayeikumbuka yake. Wakati huohuo jirani yake anachimba ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa.

Chukua hiyohiyo ming'oko. Mtu aliyehamia Dodoma ametumiwa mfuko kutoka nyumbani na hajui aanzie wapi. Anataka kujua: inamenywa kabla ya kuchemshwa au baada? Inakaa jikoni muda gani, na moto uwe wa namna gani? Inaliwa na nini? Inakaa siku ngapi kabla ya kuharibika? Ile inayouzwa sokoni kwa mafungu inachaguliwaje? Ukiyajibu hayo kwa vipimo, yaani dakika, vikombe na idadi ya siku, umeandika kitu ambacho mwandishi wa mjini hawezi kukuiga, kwa sababu hana wa kumuuliza. Ukiandika tu "ming'oko ni chakula kitamu cha asili yetu", hujamsaidia mtu.

Ni hivyohivyo kwa mabibo, matunda ya mkorosho, na namna uraka, kinywaji chake, unavyokamuliwa, kwa kupulizia salfa kwenye mikorosho, kwa ufuta wa Lindi, kwa kuvua pweza maji yakitoka. Ni hivyohivyo kwa maneno. Neno "kangomba", kipimo cha kununulia korosho nje ya mfumo rasmi, linajulikana na kila mkulima wa huku, lakini mgeni akilisikia kwenye taarifa ya habari anabaki ameduwaa. Makala moja ya kueleza kipimo hicho ni nini, kinamnyonyaje mkulima, na kwa nini watu bado wanauza kwa njia hiyo wakati kuna stakabadhi ghalani, yaani mfumo rasmi wa kuuza mazao kupitia maghala, itasomwa miaka mingi.

Historia nayo ipo, ila wengi huiharibu kwa kunakili. Kila anayeandika habari za Tendaguru, kilima kilichoko mkoani Lindi, anarudia kwamba Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na kwamba kiunzi kirefu cha zaidi ya mita 13 kimesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin. Ni kweli, lakini limeshasemwa. Kinachokosekana ni kile anachokijua aliye karibu: njia ya kufika kilimani leo, miezi ambayo gari haipiti, nani wa kuripoti kwake kijijini kabla ya kupanda. Kinakosekana pia kile kisichorudiwa mara nyingi, kwamba msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na kwamba mzigo ule ulishuka hadi bandari ya Lindi juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Jina kama hilo linastahili makala yake.

Ukiandika bei, usiandike bei tupu. Mnada wa korosho hutoa bei ya juu na bei ya chini, na hakuna kati ya hizo inayofika yote mkononi mwa mkulima, maana kuna makato. Kwa hiyo taja tarehe ya mnada, chama kikuu cha ushirika kilichouza (TANECU, MAMCU au kingine), daraja la korosho, na kama bei uliyoandika ni kabla au baada ya makato. Makala isiyo na hayo huleta ugomvi: wawili wanabishana, na wote wawili wana haki.

"Kiswahili hakina wasomaji mtandaoni"

Ndesanjo Macha alianza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004, kwenye blogu yake ya Jikomboe, wakati simu zenye intaneti zilikuwa za wachache. Hoja hiyo ilikuwa dhaifu tangu wakati ule. Andika kwa lugha unayoifikiria. Neno la Kimakonde, Kimwera au Kiyao likiwa ndilo lenye maana kamili, liweke, kisha lieleze papo hapo.

"Lazima uandike kila siku"

Hapana, na anayejaribu huchoka ndani ya wiki tatu. Makala moja kila wiki mbili, yenye maneno 600 hadi 900, ni mwendo ambao mtu mwenye shamba, duka au vipindi vya darasani anaumudu. Siri iko kwenye akiba. Usitangaze blogu kabla hujawa na makala tano zilizokamilika: chapisha mbili, tatu ziweke kama rasimu. Kila ukichapisha moja, andika nyingine ya kujaza pengo. Akiba ikibaki moja, simamisha kuchapisha mpaka ijae.

Halafu fuata kalenda ya mahali ulipo. Makala ya salfa iwe tayari kabla ya watu kuanza kupulizia, si baada. Ya mnada wa ufuta iwe tayari kabla ya Juni. Na miezi ya korosho, kuanzia Oktoba, usijipangie kazi kubwa ya kuandika kama nawe una shamba. Hapo ndipo rasimu zinapokuokoa.

Makala ikikamilika, ilaze usiku mmoja. Asubuhi isome kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa ndipo sentensi ilipo ndefu mno au neno limekosewa. Kazi hii ni ya dakika kumi na tano, na wengi wanairuka kwa hamu ya kubonyeza kitufe.

"Ukishachapisha, Google italeta watu yenyewe"

Google haiijui blogu mpya mpaka iambiwe au ikutane na kiungo chake mahali. Fungua Google Search Console kwa akaunti ileile ya Gmail, ongeza anwani ya blogu, kisha kwenye sehemu ya ramani ya tovuti andika sitemap.xml na utume. Ni bure. Baada ya hapo subiri. Makala ya kwanza inaweza kuchukua siku au wiki kadhaa kabla ya kuonekana.

Kichwa ndicho kinachofanya kazi kubwa. "Mapishi ya kwetu" hakitafutwi na mtu. "Jinsi ya kuchemsha ming'oko: muda, maji na chumvi" kinatafutwa. Kumbuka pia wengi huandika "mingoko" bila alama ya ung'ong'o, kwa hiyo ndani ya makala weka tahajia zote mbili angalau mara moja. Anwani ya makala ichague kabla ya kuchapisha, iwe fupi. Ukiibadilisha baadaye, kila kiungo ulichotuma kwenye makundi ya WhatsApp kitafungua ukurasa mtupu.

Na wasomaji wa mwanzo wanatoka kwenye makundi hayohayo: la ukoo, la waliosoma pamoja, la watu wa wilaya wanaoishi mbali. Usitupe kiungo kikavu. Andika sentensi mbili zinazosema msomaji atapata nini, ndipo kiungo kifuate.

"Picha ikiwa mtandaoni ni ya wote"

Siyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, picha ina mwenyewe tangu inapopigwa, hata kama hajaisajili popote. Kuandika "kwa hisani ya mtandao" si ruhusa. Omba, au piga yako. Picha ya boma la Mikindani uliyoipiga mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, hata ikiwa na kasoro, ina thamani kuliko ile nzuri ya mtu mwingine ambayo tayari iko kwenye kurasa mia.

"Blogu ni yangu, naandika nitakacho"

Hapa tunaomba utulie. Huku Kusini jando na unyago ni mambo ya watu, na ndani yake mna watoto. Sherehe ya nje, ngoma na mavazi vinaweza kuandikwa. Kinachofundishwa ndani si chako kukianika, hata kama ulipitia. Picha ya mtoto anayetambulika usiiweke bila idhini ya mzazi au mlezi, na idhini iwe ya wazi: mwonyeshe picha yenyewe, mweleze kwamba mtu yeyote duniani ataweza kuiona. Mzazi aliyesema "piga tu" hajasema "tangaza". Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, heshima ya mtoto ingetosha.

Picha ya simu inaweza pia kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, hadi nyumba yenyewe. Zima utunzaji wa mahali kwenye mipangilio ya kamera. Na hii ndiyo ile faida nyingine ya kupitisha picha WhatsApp kwa njia ya kawaida: taarifa hiyo huondolewa.

Kuhusu leseni, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwagusa wenye blogu moja kwa moja, zikatungwa nyingine 2020 na kurekebishwa 2022. Usitegemee ulichosikia kijiweni kuhusu ada. Kama utaandika habari na matukio, pata jibu la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, lililo kwenye maandishi kabla ya kuchapisha ya kwanza.

"Miezi miwili, pesa ya matangazo inaingia"

Google AdSense, huduma inayoweka matangazo kwenye blogu na kumlipa mwenyewe, hailipi mpaka salio lifike dola 100. Kabla ya hapo, likifika dola 10, hutuma namba ya siri kwa barua ya posta ili kuhakiki anwani. Wengi hukwama hapo, kwa sababu waliandika mtaa usio na sanduku. Tumia S.L.P. inayofunguliwa kweli, na kama ni ya ofisi au shule, waarifu wanaoifungua wakutunzie barua. Namba isipoingizwa ndani ya miezi minne, matangazo yanasimamishwa. Na usiwaombe ndugu kwenye kundi wabonyeze matangazo "wakuinue". Mfumo unaona, na akaunti inafungwa.

Blogu ndogo ya wilaya mara nyingi huleta faida kwa njia nyingine: mtu anayetafuta mwongozaji wa Kilwa Kisiwani, mnunuzi wa asali, mwanafunzi anayehitaji wa kumkusanyia maneno ya Kimwera. Kwa hiyo weka ukurasa wa mawasiliano wenye barua pepe. Namba ya simu ya nyumbani iache.

"Kilicho mtandaoni hakipotei"

Kinapotea kila siku. Nywila husahaulika, laini iliyosajiliwa na akaunti hufungwa kwa kutotumika, simu huibiwa. Weka namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti, hiyo ya pili iwe ya mtu unayemwamini. Kila mwisho wa mwezi ingia kwenye mipangilio ya Blogger, pakua nakala ya maudhui, na ujitumie faili hiyo kwa barua pepe nyingine. Faili hiyo ni ya kuokoa maandishi, usiitegemee kwa picha. Picha za asili zihifadhi kwenye memori kadi, kila makala na folda yake, folda iitwe kwa tarehe ya kuchapishwa.