Maji Yameonekana Kuwa na Kemikali: Tupimeje Hatari Yake?

Majibu ya maabara yanaonyesha kuwa maji tunayokunywa yana kemikali. Je, tumekwisha kudhurika?

Kuonekana kwa kemikali ndani ya maji si sawa na kudhurika. Mitambo ya siku hizi hunasa hata sehemu ndogo mno ya mikrogramu (sehemu moja ya elfu ya miligramu) katika lita moja, na hakuna maji ya asili yasiyo na madini yoyote, kwa kuwa maji hupita katika udongo na miamba na kuyeyusha kilichomo. Anayetaka kuijua hatari huuliza mambo manne kwa pamoja: ni kemikali gani, imo kwa kiasi gani, ni nani anayeyanywa maji hayo, na ameyanywa kwa muda gani. Karatasi ya maabara hujibu mawili ya kwanza tu, na ndiyo maana ikisomwa peke yake huwatia watu hofu bure au, jambo lililo baya zaidi, huwatuliza wasiostahili kutulia.

Kiwango kinachoruhusiwa hupatikanaje?

Hupatikana kwa hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata. Wataalamu huanza na dozi kubwa kabisa ambayo katika tafiti haikuonyesha madhara, kisha huigawanya, mara nyingi kwa 100: kwa 10 kwa sababu binadamu huenda akadhurika upesi kuliko mnyama wa maabara, na kwa 10 nyingine kwa sababu watu wenyewe hawalingani. Kinachobaki ni kiasi ambacho mtu anaweza kukipata kila siku maisha yake yote bila madhara kutarajiwa, nacho huhesabiwa kwa kila kilo ya uzito wa mwili.

Tuseme kiasi hicho ni miligramu 0.01 kwa kilo. Mtu mzima wa kilo 60 anaweza kupata miligramu 0.6 kwa siku. Lakini kemikali hiyohiyo yaweza kuwamo katika chakula na hewa, kwa hiyo maji hutengewa fungu tu, ambalo pasipokuwa na takwimu za kutosha huwa ni asilimia 20, yaani miligramu 0.12. Kwa kuwa mtu huyo hukadiriwa kunywa lita 2 kwa siku, kiwango cha lita moja kitakuwa miligramu 0.06.

Basi maji yakiwa chini ya kiwango hicho yanafaa kwa kila mtu?

Kwa kemikali nyingi, ndiyo. Kwa baadhi, tahadhari inahitajika, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha madini ya risasi kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na limekiita cha muda, kwa sababu kuishusha risasi chini ya hapo ni kazi ngumu katika mifumo mingi ya mabomba. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Namba hiyo, kwa hiyo, ni mapatano kati ya afya na uwezo wa kiufundi, na familia yenye mtoto mdogo inapaswa kuisoma hivyo.

Aseniki, sumu ya asili iliyomo katika miamba, nayo ina kiwango cha muda cha mikrogramu 10 kwa lita. Huko Bangladesh, mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa ili watu waepukane na magonjwa ya kuhara yaliyotokana na maji ya mabwawa na mito, na mwaka 1993 ikathibitishwa kuwa maji ya baadhi ya visima hivyo yalikuwa na aseniki itokayo ardhini. Maji yale yalikuwa maangavu, hayana harufu wala ladha ya ajabu. Mabaka ya ngozi na saratani huja baada ya miaka mingi ya kunywa, wakati mwili umekwisha kuelemewa.

Kwa nini watoto wachanga hutajwa kila mara?

Kwa sababu mtoto hunywa maji mengi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake. Chukua maji yenye miligramu 40 kwa lita za nitrati, kemikali iingiayo majini hasa kutoka kwenye mbolea na vinyesi, chini ya kiwango cha 50 cha Shirika la Afya Duniani. Mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa lita 2 hupata takriban miligramu 1.3 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 5 anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa robo tatu za lita ya maji hayohayo hupata miligramu 6 kwa kilo, yaani mara nne na nusu. Nitrati ikizidi, damu ya mtoto hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo, na midomo na kucha hugeuka rangi ya buluu. Hiyo ni dharura. Mtoto apelekwe hospitali mara moja.

Maabara nyingine huandika nitrati kwa kuhesabu naitrojeni iliyomo peke yake, na hapo kiwango ni miligramu 11 badala ya 50. Uliza ni hesabu ipi iliyotumika kabla ya kufurahi.

Je, kuchemsha kunasaidia?

Kuchemsha huua vimelea, lakini hakuondoi nitrati, aseniki, floraidi wala risasi. Ukiweka jikoni lita 3 za maji yale ya miligramu 40 na kuyaacha yatokote mpaka zibaki lita 2, nitrati yote hubaki sufuriani, na sasa kila lita ina miligramu 60. Maji yaliyokuwa ndani ya kiwango yamekivuka mikononi mwa mzazi mwenye nia njema.

Je, klorini yenyewe si kemikali ya kuogopwa?

Klorini ikikutana na mabaki ya mimea majini huzaa kemikali nyingine, nazo zina viwango vyake. Hata hivyo, kuacha kutibu maji kwa kuziogopa ni kosa, kwa kuwa kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache, na homa ya matumbo ndani ya wiki chache.

Sampuli ichukuliweje?

Inategemea kinachotafutwa. Risasi hutoka zaidi kwenye mabomba na viungo vyake, kwa hiyo sampuli yake ni maji ya kwanza ya asubuhi, yaliyolala bombani usiku kucha, kabla mtu yeyote hajafungua bomba. Kwa aseniki ya kisimani, maji husukumwa kwanza kwa dakika kadhaa ili yale yanayoingia chupani yawe yametoka ardhini. Sampuli ya risasi iliyochukuliwa baada ya bomba kutiririka kwa muda huweza kuonyesha maji masafi katika nyumba ambayo watoto wake hunywa risasi kila alfajiri.