Moshi Ukirudi Jikoni, Usikimbilie Kubomoa Jiko

Kipupwe kikiingia Dodoma, kuanzia Juni hivi, maswali kuhusu dohani, yaani bomba la kutolea moshi, huongezeka hapa chuoni tunapofundisha ujenzi. Watu wanafunga madirisha kwa ajili ya baridi na vumbi, jiko la kuni linawaka tangu alfajiri, na lile jiko lililosifiwa mwezi wa tatu sasa linamtoa mpishi machozi. Fundi akiitwa anatazama, anatikisa kichwa, anasema jiko limekosewa. Niliwahi kufika nyumba moja Nzuguni ambako jiko lilikuwa limeshabomolewa mara mbili. Nilimwomba mama mwenye nyumba afungue dirisha kidogo, upana wa kiganja. Moshi ukapanda.

Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, inapanda juu. Lakini haiwezi kupanda kama hakuna hewa nyingine inayoingia jikoni kuchukua nafasi yake. Ni kama dumu la mafuta ya kula lenye tundu moja: unaliinamisha, mafuta yanakwamakwama. Toboa tundu la pili, yanatiririka. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, funga mlango na dirisha, washa nyasi kavu kidogo kwenye jiko, uangalie moshi unakwenda wapi. Kisha fungua dirisha urudie. Hali ikibadilika, tatizo ni hewa: weka tofali la matundu chini ukutani, lenye wavu wa kuzuia panya, basi.

Hapo niseme jambo moja kuhusu mkaa. Mkaa ukishakolea hautoi moshi wa kuonekana, na wengi hudhani ndiyo maana hauna madhara, wanaingiza jiko chumbani wapate joto usiku. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kuja wakati jiko linawaka ndani, tokeni nje wote kwanza, mengine baadaye.

Kama dirisha halikubadilisha kitu, toka nje utazame juu. Kanuni tunayowafundisha mafundi ni hii: dohani ipite paa kwa sentimita 90 angalau pale inapotokea, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Nyumba mpya za Iyumbu na Ilazo zimeleta kasoro yake hapa. Ukuta unapandishwa kuficha bati, unapendeza kweli, halafu bomba la moshi linaishia chini ya ukuta huo. Upepo wa Dodoma ukigonga ukuta unazunguka na kushuka ndani ya bomba. Kuongeza bomba urefu ni kazi ya nusu siku. Weka na kofia ya bati, ila iachie nafasi isiyopungua upana wa bomba, na uzungushie wavu. Bila wavu, ndege watajenga kiota, au nyuki watahamia, na huku kwetu nyuki hawahitaji kukaribishwa mara mbili. Wakishaingia usiwachome, muite mtu wa mizinga.

Tatizo kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni masizi. Kuni mbichi zinatoa moshi mzito wenye mvuke, na moshi huo ukipoa ndani ya dohani unaganda kuwa kitu cheusi kinachong'aa kama lami. Lami hiyo inawaka. Ikishika moto utasikia mngurumo kama lori linalopanda mlima Sekenke, na bomba linaweza kuwa jekundu. Usimwage maji: matofali yaliyopata moto yatapasuka na mvuke utakuunguza. Ziba mdomo wa jiko ili kukata hewa, toa watu, piga 114, namba ya zimamoto. Ili msifike huko, pasua kuni na uzianike miezi kadhaa chini ya paa. Kwa jua letu, mgunga uliokatwa Mei huwa mkavu kabla ya mvua za Desemba. Kagua ndani kwa tochi. Masizi yakifikia unene wa milimita 3, safisha. Jiko liwe limepoa kabisa, funga kitambaa puani, shusha brashi ngumu ya waya kwa kamba kutoka juu. Majivu na masizi yaweke kwenye ndoo ya bati, si ya plastiki, kwa kuwa kaa dogo huweza kubaki hai chini ya majivu hata siku ya pili.

Bomba la plastiki lisitumike kabisa, hata kama fundi anasema liko mbali na moto. Bomba la bati lenye ukuta mmoja liwe sentimita 45 mbali na mbao za kenchi na dari, na pale linapotoboa bati la paa lizungushiwe kola ya bati iliyopandishwa juu, maana mvua ya Januari huingilia hapo hapo, inaozesha kenchi kimyakimya.

Nyufa nazo tunazo za kutosha, kwa kuwa Bonde la Ufa liko jirani na ardhi hutikisika mara kwa mara. Ufa ulio karibu na moto usiuzibe kwa saruji tupu. Itapasuka tena ndani ya wiki chache. Chimbua mpaka ufikie sehemu imara, lowesha, jaza udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu yaliyochekechwa. Saruji iache kwa sehemu ya juu, nje ya paa. Acha kiraka kikauke kivulini wiki nzima, kisha siku mbili tatu za mwanzo washa moto mdogo tu, wa chai.